Ushauri Nasaha na Sanaa: Uhakiki wa Insha Moja Kutoka Siongiroi

Utangulizi

Mjadala juu ya fani na maudhui umekuwa mrefu katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Wako waliofananisha kazi ya fasihi na chungwa, wakasema kwamba fani ni ganda na maudhui ni nyama yake. Yuko pia F.E.M.K. Senkoro, ambaye katika miaka ya 1980 alisisitiza kwamba fani na maudhui ni kama sura mbili za sarafu moja, na kwamba anayejaribu kuzitenga hubaki hana sarafu. Makala haya hayakusudii kuurudia mjadala huo kwa ajili ya mjadala wenyewe. Yanakusudia kuonyesha kwamba hata nje ya darasa, pale ambapo mtu aliyeumia anamtafuta mwenziwe wa kumsikiliza, kosa la kuitenga fani na maudhui hutendeka kila siku, na hasara yake ni kubwa kuliko kupotea kwa alama za mtihani.

Jambo lililotusukuma kuandika ni la nyumbani. Siongiroi ni kituo cha biashara katika Chepalungu, Kaunti ya Bomet. Mgeni akisikia kwamba tunatoka upande wa Kericho na Bomet hudhani kwamba tumekulia katikati ya majani chai. Kwa kweli chai iko juu, kwenye miinuko yenye mvua. Kwetu sisi ni nchi ya ng'ombe na mahindi, na saa ya watu ni ile ya kupeleka maziwa kwenye mtambo wa kuyapoza. Huko aliishi kaka yetu mkubwa, na huko alifariki. Binti yake, aliyekuwa kidato cha pili, alinyamaza baada ya msiba. Hakuwa bubu, alijibu alipoitwa, alisalimu wageni, alifanya kazi zake. Lakini hakusema neno lolote juu ya baba yake kwa muda wa mihula miwili, na chakula kilikuwa kikirudi jikoni. Shemeji alitupigia simu akatuuliza, kwa kuwa sisi ndio baba mdogo tena ndio tuliosoma: je, yuko wapi mshauri ambaye hatamlazimisha mtoto huyu kusema? Wapo wanaosema na wagonjwa kwa picha na kwa nyimbo, wanapatikana wapi?

Swali hilo lilitukuta hatuna jibu, ingawa tulikuwa na shahada mbili za lugha na fasihi, ya pili ikiwa imetoka ng'ambo. Makala haya ni jaribio la kulijibu kwa zana tulizo nazo, yaani zana za mhakiki. Binti mwenyewe ametukubalia kuyaandika haya, mradi tusimtaje jina.

Maneno mawili yasiyolingana

Ni vyema tuanze na jina. Nchini Kenya kazi hii huitwa ushauri nasaha; Tanzania huitwa zaidi unasihi. Maneno haya tumeyazoea mno hata hatuyasikii. Lakini tukiyatazama kwa makini tutaona kwamba ushauri nasaha ni ndoa ya maneno mawili yanayovutana.

Shauri, kwa asili yake ya Kiarabu na kwa matumizi yake ya pwani, ni jambo la watu wawili au zaidi. Watu hufanya shauri, hula shauri, hukata shauri. Hapana mtu anayeweza kula shauri peke yake ila kwa mzaha. Nasaha, kwa upande mwingine, hutolewa na kupokewa. Ina juu na chini: mzazi kwa mwana, mwalimu kwa mwanafunzi, mwenye afya kwa mgonjwa. Taaluma inayofundishwa vyuoni, ya kumsikiliza mtu hadi ajisikie mwenyewe, iko karibu zaidi na shauri kuliko nasaha. Hata hivyo katika masikio ya watu wetu neno la pili ndilo lililolimeza la kwanza. Mtu akiambiwa aende kwa mshauri hudhani anakwenda kuonywa.

Binti yetu alipewa nasaha nyingi. Mchungaji alimwombea, na maombi yake yalikuwa ya upole na ya kweli. Wazee wa kokwet, yaani lile baraza la ujirani ambalo Wakipsigis wamelitumia tangu zamani kusikiliza mashauri yao, walikuja kumpa pole mama, na mmoja wao akamwambia mtoto kwamba sasa yeye ndiye mkubwa. Mwalimu aliyepewa jukumu la ushauri katika shule yake alimwita ofisini akamwambia ajikaze, kwa maana mama anamtegemea. Tangu viboko vipigwe marufuku katika shule za Kenya mwaka 2001, walimu wa namna hii wameongezewa mzigo mkubwa, na wengi wao hufundisha vipindi kamili kama wenzao. Hatumlaumu mwalimu huyo. Tunasema tu kwamba kila mmoja alimpa mtoto kitu, na hapana aliyepokea kitu kutoka kwake.

Msomaji wa riwaya ya Kiswahili ameliona jambo hili kabla. Katika Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, Rosa amezungukwa na amri na maonyo. Baba yake Zakaria anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana. Wahakiki na walimu wameisoma riwaya hiyo kama funzo juu ya malezi makali, na kwa hakika funzo hilo limo. Lakini swali ambalo halikuulizwa vya kutosha ni hili: katika kitabu kizima, ni nani aliyemsikiliza Rosa? Mwisho wake anajiua. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya iliamua kwamba kifungu cha sheria kilichokifanya kitendo cha kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hiyo hata sheria, iliyokuwa imempa mtu kama Rosa hukumu tangu enzi za ukoloni, imeanza kumtazama kama mgonjwa. Uhakiki wetu haupaswi kubaki nyuma ya mahakama.

Insha yenyewe

Tulipokwenda Siongiroi shemeji alitutolea daftari la Kiswahili. Ndani yake mlikuwa na insha yenye kichwa ambacho kila mwanafunzi wa Kenya amekiandikia: Siku Ambayo Sitaisahau. Mwalimu alikuwa ameipa alama 6 kati ya 20, na chini yake ameandika kwa wino mwekundu: umetoka nje ya mada, funzo li wapi?

Insha ina ukurasa mmoja na nusu. Inaanza kwa asubuhi yenye umande. Baba amelala, na msimulizi anaamua kuupeleka mtungi wa maziwa yeye mwenyewe. Baada ya sentensi hiyo baba hatajwi tena. Yanayofuata ni mtungi: uzito wake, mpini unaokata kiganja, kifuniko kinacholia njiani. Kwenye mtambo kuna foleni. Karani anayapima maziwa, anayamimina, anaandika lita kumi na moja kwenye kadi. Mtu anafika kwa pikipiki akimwita msimulizi arudi nyumbani haraka, naye anakataa kuondoka kabla namba haijaandikwa. Kisha yuko nyumbani. Kuna watu wengi. Hawaelezwi ni akina nani wala wamefuata nini. Anauosha mtungi. Anauosha tena. Anauosha mara ya tatu, na insha inakoma hapo, bila methali na bila shukrani kwa Mungu.

Mwalimu alikuwa amepiga mstari chini ya maneno yale ya kuosha mara ya pili na ya tatu, akaandika pembeni: unajirudia.

Tunakiri kwamba kama insha hiyo ingetufikia katika rundo la karatasi mia tatu, labda nasi tungaliipa alama 6. Tumefundishwa, nasi tumewafundisha wengine, kwamba insha nzuri ina ujumbe, na ujumbe hukaa mwishoni kama muhuri. Kwa kipimo hicho mtoto huyu hakuandika lolote. Lakini yale ambayo mwalimu aliyaita makosa ndiyo tunayoyapa majina ya heshima tukiyakuta kwa washairi wakubwa. Kujirudia huitwa takriri. Kulitaja jambo dogo ili kulishika jambo kubwa lisilotajika ni matumizi ya ishara. Kumwacha msomaji aijaze nafasi iliyo tupu ni mbinu ambayo tunaiandikia tasnifu. Maudhui ya insha hii ni kifo, na kifo hakimo katika neno lake hata moja. Kimo katika fani peke yake. Aliyekuwa akitafuta nyama ya chungwa alilitupa ganda, na nyama ikaenda pamoja nalo.

Kuna jambo la pili, nalo linatuhusu sisi walimu wa Kiswahili zaidi. Nyumbani kwetu watu hulia kwa Kipsigis. Kiswahili ni lugha ya shule, ya soko na ya serikali; kwa mtoto wa Siongiroi ni lugha ambayo mtu husahihishwa ndani yake. Ungetazamia kwamba lugha kama hiyo isingefaa kubeba msiba. Lakini tulipomwuliza baadaye kwa nini hakuiandika habari ile kwa lugha ya mama, alijibu, "Baba mdogo, kwa Kipsigis ningelazimika kumwita." Yaani Kiswahili kilimpa umbali. Hakikuwa nyumba yake. Kilikuwa uga ambao kutoka kwake aliweza kuitazama nyumba.

Waliotangulia

Umbali huo si mgeni katika fasihi yetu. Abdilatif Abdalla alifungwa tangu 1969 hadi 1972 kwa sababu ya kijikaratasi alichokiandika mwaka 1968, Kenya: Twendapi? Akiwa gerezani alitunga mashairi kwa siri, akayaandika kwenye karatasi za chooni, nayo yakachapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Mashairi hayo yamehakikiwa zaidi kwa siasa yake, na ni haki. Lakini tazama jinsi mshairi aliyefungiwa anavyoiendea dhiki yake. Mara anaipa umbo la mamba. Mara anawasimamisha watu wawili wabishane juu ya mnazi. Hakuikimbia dhiki kwa kufanya hivyo. Aliipa mwili ili apate kusimama mbele yake. Mizani na vina, ambavyo wengine wamevibeza kuwa minyororo, kwake vilikuwa vitu vichache alivyoweza kuvitawala mahali ambapo hata taa na mlango vilitawaliwa na wengine.

Tukirudi nyuma zaidi tunamkuta Mwana Kupona binti Msham wa Siyu. Utendi wake, uliotungwa mnamo 1858, hufundishwa kama mfano mkuu wa nasaha: mama anamwusia binti yake juu ya dini, heshima na ndoa. Wahakiki wa karibuni wamelumbana sana kama nasaha hizo zilimdhalilisha mwanamke au zilimwezesha. Katika mabishano hayo hali ya msemaji husahauliwa. Mwana Kupona alikuwa mjane, tena mgonjwa. Anaanza kwa kumwita binti aje karibu na wino na karatasi, akae. Na sehemu kubwa ya mwisho wa utendi si nasaha kabisa. Ni dua ya mtu anayeomba kupona. Basi utendi huo ni nasaha na tiba kwa pamoja, na tiba yake haikuwa kwa binti aliyeandikiwa peke yake, bali pia kwa mama aliyekuwa akitunga. Nasaha iliyo hai ni ile ambayo mtoaji wake naye ni mhitaji.

Kwetu bara pia upo mfano, tena karibu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki, alirekodi huko Kapkatet nyimbo za Wakipsigis zilizomhusu Chemirocha. Jina hilo ni matamshi ya huko ya Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani aliyefariki mwaka 1933, ambaye sahani zake za santuri zilikuwa zimefika nchini. Wimbo mmoja uliimbwa na wasichana. Kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, Chemirocha wao ni kiumbe nusu mtu nusu mnyama, naye anaalikwa acheze. Mwaka 2015 nakala za sauti hizo zilirudishwa Kapkatet. Wageni wengi huusimulia wimbo huo kama kichekesho cha watu wasioijua santuri. Sisi tunausoma vingine. Sauti isiyo na mwili ilikuwa imeingia katika nchi ambayo katika kizazi kilichotangulia ilikuwa imepoteza ardhi kwa mashamba ya chai, na ambayo mwaka 1934 ilishuhudia ukoo wa Talai ukihamishwa kwa nguvu kupelekwa Gwassi. Hatusemi kwamba wasichana wale waliimba juu ya mambo hayo. Tunasema kwamba walijua la kufanya na kitu kigeni kinachotisha: walikipa miguu, wakakiita katikati ya duara. Hiyo ndiyo kazi tuliyokuwa tukimtafutia binti yetu mtu wa kumsaidia kuifanya.

Hata hivyo tusije tukaingia katika mtego wa kusema kwamba wazee wetu walikuwa na kila kitu. Kokwet ilisikiliza, lakini iliwasikiliza zaidi wanaume wenye mashauri ya mali na mipaka. Nyimbo zilikuwa na mahali pake na watu wake. Mazungumzo na sanaa vilikuwapo, bali si lazima vikutane kwa ajili ya mtoto mmoja aliyenyamaza. Huko pwani ngoma za pepo huviunganisha zaidi: mgonjwa huwa kiti, pepo husema kwa kinywa chake, mganga humwuliza na kumjibu katikati ya ngoma na nyimbo. Asiyeweza kusema kwa nafsi yake hupewa nafsi nyingine ya kusemea, kama mwigizaji. Lakini pepo ana madai na gharama, na aghalabu hamwachi mtu wake. Mfano unaofundisha si lazima uwe mfano wa kufuatwa.

Udongo na kifuniko

Jina la tiba kwa sanaa lilianza kutumika Uingereza mwaka 1942, kwa kalamu ya mchoraji Adrian Hill, ambaye alikuwa amelazwa kwa kifua kikuu akagundua kwamba kuchora kulimsaidia yeye na wagonjwa wenziwe. Taaluma hiyo imekua, ikaingiza muziki, uigizaji na uandishi. Nchini Tanzania, ingawa kwa shabaha nyingine, akina Penina Mlama na Amandina Lihamba walikwenda Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1982 na 1983, wakashirikiana na vijana wa huko kuyatoa matatizo ya kijiji, mimba za wanafunzi zikiwamo, kwa ngoma na maigizo ambayo baada yake watu walikaa wakazungumza. Utaratibu huo wa kutenda kwanza kisha kusema ndio tunaoutetea hapa.

Tulitafuta kwa muda wa miezi miwili. Katika hospitali moja binti aliulizwa maswali yaliyochapwa kwa Kiingereza huku muuguzi akitafsiri. Alijibu ndiyo na hapana, akapewa tarehe ya kurudi. Mtu mwingine, aliyejitangaza kuwa bingwa wa tiba ya michoro, alimpa kalamu za rangi, na alipochora ng'ombe mweusi alimwambia mama kwamba rangi nyeusi ni dalili ya kifo. Ng'ombe wao ni mweusi. Huyu naye, pamoja na rangi zake zote, alikuwa mwalimu yule yule wa wino mwekundu: aliutafuta ujumbe kabla ya kuitazama picha.

Tuliyemkubali mwishowe ni mama mmoja katika mji wa Kericho, safari ya matatu mbili, ambayo nauli yake na malipo ya saa moja yalimeza fedha za maziwa ya siku kadhaa. Yaliyotendeka huko hatukuelezwa na mshauri. Alikataa kabisa kutueleza, na kwa hilo tulimwamini zaidi. Tumesimuliwa na binti mwenyewe. Siku tatu za mwanzo alipewa udongo wa mfinyanzi, akaufinyanga na kuubomoa, na mshauri naye akafinyanga wake, wakizungumza habari za barabara na mvua. Siku ya nne alifinyanga mtungi wa maziwa. Mshauri hakumwuliza maana yake. Aliutazama, akauliza kifuniko kiko wapi.

"Kiko nyumbani," akajibu. "Baba ndiye hukifunga."

Mwanafunzi wa sarufi ataona mara moja. Kiambishi hu- hakina wakati. Hakisemi jana wala leo. Husema desturi, jambo liendelealo. Mtoto aliyekwisha kumzika baba yake alikuwa bado anaishi katika hu-. Kwa mujibu wa simulizi yake, mshauri alikaa kimya kidogo, kisha akalirudia neno lile lile kama alivyolisikia: hukifunga. Binti akasema, "Alikuwa akikifunga." Ndipo akalia. Hapakuwa na nasaha. Palikuwa na msikilizaji aliyesikia kiambishi.

Vigezo

Kutokana na hayo tunapendekeza vigezo vinne kwa yeyote anayemtafuta mshauri wa namna hii, tukijua kwamba mhakiki si tabibu.

Kwanza, ni lazima awe mshauri kweli. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 iliweka bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii nchini Kenya. Kuulizia usajili si utovu wa adabu. Tena mshauri mwema anajua mpaka wake: mtu anayesema juu ya kujiua, au aliyeacha kabisa kula na kulala, apelekwe hospitali upesi, na sanaa ingoje.

Pili, aulizwe hufanya nini na kazi ya mgonjwa ikishakamilika. Akijibu kwamba huitafsiri, tahadhari. Akijibu kwamba huitazama pamoja na aliyeifanya, hapo pana matumaini. Picha na shairi la mgonjwa ni mali ya mgonjwa. Hazionyeshwi wala kusimuliwa bila ridhaa yake.

Tatu, sanaa isiwe pambo la kupitisha muda kabla ya mazungumzo yenyewe, wala mazungumzo yasiwe maelezo ya kubandikwa juu ya sanaa. Hapa sarafu ya Senkoro inatufaa. Atakayeanza na sura moja akaitupa nyingine atabaki mikono mitupu.

Nne, ni suala la lugha. Mgonjwa aachiwe achague, na abadilishe atakavyo. Isidhaniwe kwamba lugha ya mama ndiyo ya ukweli daima, wala kwamba lugha ya shule haina machozi. Huko Zimbabwe, mpango ulioanzishwa na daktari Dixon Chibanda mwaka 2006 uliwafundisha akina bibi wa mitaani kukaa na wagonjwa kwenye benchi wakitumia neno la Kishona linalomaanisha kufikiri kupita kiasi, badala ya majina ya vitabuni. Waliheshimu neno la watu, na watu wakaja.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba mshauri anayeunganisha mazungumzo na sanaa anafanya kazi ambayo mhakiki wa fasihi angepaswa kuitambua kuwa ndugu ya kazi yake. Wote wawili hukabiliwa na umbo lililofanywa na mtu mwingine, na wote wawili hushawishika kulikimbilia funzo. Idara za Kiswahili zina deni hapa. Tunawatoa walimu kila mwaka, na wengi wao, watake wasitake, watakabidhiwa ofisi ya ushauri shuleni. Tukiwafundisha kwamba kuisoma kazi ni kuuchomoa ujumbe, ndivyo watakavyowasoma watoto. Tunapendekeza kwamba somo la uhakiki katika mafunzo ya ualimu liwe na nafasi ya kuzisoma insha za wanafunzi kama fasihi kabla ya kuzisahihisha kama mitihani.

Kuhusu binti yetu hatuwezi kusema kwamba amepona, ikiwa kupona ni kusahau. Anakula. Anamtaja baba yake, mara nyingine kwa hasira. Asubuhi nyingine huupeleka mtungi yeye mwenyewe, asubuhi nyingine mdogo wake. Daftari lile bado lipo nyumbani kwa shemeji, na alama 6 bado imo. Alituuliza kama sisi tungempa ngapi. Tulimwambia kwamba hatukuisoma ili kuipa alama. Akasema hilo si jibu la mwalimu. Pengine ni kweli, nasi tungependa kusikia wenzetu wangemjibuje.